Inatosha Nyumba Nzima

Aliyelikoroga ni yule muuza duka, na mpaka leo Mama Hadubini hajamsamehe. Mama wa watu aliingia dukani mchana, mkoba kwapani, akaeleza shida yake vizuri kabisa: anataka kompyuta ya kusomea nyumbani, si ile ya bei ya kutupa inayokufa kabla ya mwaka, wala si ile ya wakubwa. Ya katikati. Muuzaji akamtolea moja ya kijivu, mwili wa plastiki, kioo kipana, akaifungua na kuifunga mara mbili tatu kama anayeuza mlango, akasema, "Mama, chukua hii. Hii inatosha nyumba nzima."

Maneno hayo angemwambia yeye peke yake, yasingekuwa na madhara. Lakini pembeni alikuwa amesimama shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuja kumbebea boksi. Shemeji akayasikia. Akayabeba pamoja na boksi, na kabla hata gundi ya boksi haijakatwa, wote nyumbani walikuwa wamekwisha ambiwa kwamba kitu kilichoingia kinatosha nyumba nzima.

Sasa huyu Mama Hadubini ni nani hata apandishe hasira kwa ajili ya kompyuta? Ni mpima damu wa zahanati. Miaka kumi na tisa ameinamia hadubini kwenye chumba chenye dirisha moja, sinki moja na kigoda cha mbao kisicho na egemeo, akitazama matone ya damu yaliyokaushwa kwenye vioo na kutiwa rangi ya zambarau, akitafuta vimelea vya malaria. Kazi alifundishwa hapo hapo, na mzee aliyemtangulia, na cheti hakuwahi kuwa nacho. Hakuna aliyemuuliza, maana jicho lake lilikuwa halikosei. Mganga akisema huyu ana malaria, Mama Hadubini akasema hana, ni mganga aliyebadilisha dawa. Wenzake wakampa jina hilo kwa heshima, na lile alilozaliwa nalo likabaki kwenye kitambulisho tu.

Halafu ukaja waraka. Kuanzia mwaka ujao, asiye na cheti asiguse hadubini. Mkuu wa zahanati alimwita ofisini, akamsomea waraka wote mpaka muhuri, akasema, "Mama yangu, mimi sina ubaya na wewe. Lakini unajua, sheria ni msumeno."

"Msumeno hukata mbele na nyuma," akasema Mama Hadubini. "Huu mbona unakata upande wangu tu?"

Mkuu akacheka, na hilo lilimuudhi kuliko waraka wenyewe. Asiye na cheti angehamishiwa kwenye beseni, kuosha vioo vilivyokwisha tumika, ili wenzake wavitumie tena. Anayetaka cheti angefanya mtihani wa kompyuta, popote alipo: picha sitini za damu, saa mbili, kamera ikimtazama usoni tangu mwanzo hadi mwisho. Hairuhusiwi kusema, hairuhusiwi kuinuka, hairuhusiwi mtu wa pili chumbani. Na nafasi ni mbili tu. Ukikosa zote mbili, umeolewa na beseni.

Ndiyo maana alidunduliza, akanunua kompyuta. Si kwa anasa. Alinunua kigoda chake, tuseme hivyo.

Wenye vitabu huiita kompyuta mpakato, yaani ya kupakatwa. Hii ilipakatwa kweli, na kila mtu isipokuwa mwenye nayo. Mumewe ni fundi majokofu, alfajiri kabla ya kazi alikaa nayo akitazama video za mafundi wa nchi za mbali, akiwasema: "Ona huyu! Ona anavyoua gesi!" Shemeji ni mlinzi wa ghala, alirudi asubuhi akashusha filamu, na mechi za mpira za miaka iliyopita ambazo matokeo yake anayajua kwa moyo, na bado akaruka kitini goli likiingia. Watoto walikuwa shule ya bweni, na hilo Mama Hadubini alimshukuru Mungu kila siku.

Na mama mkwe. Huyu ndiye aliyeipenda kweli ile kompyuta. Ana dada yake mkubwa, anakaa mwendo wa nusu siku kwa basi, na mjukuu wa yule dada naye ana mashine kama hiyo. Basi kila siku saa kumi alasiri mabibi wawili wakakutana kiooni, na saa nzima ikaisha kwenye salamu. Habari za kwako? Za miguu? Za kuku? Za yule jirani wa ukuta? Na aliyelala hospitali je, aliamka? Zikiisha habari za upande huu, zinaanza za upande ule. Kwa mama mkwe ile kompyuta ilikuwa mlango, na aliye nyuma ya mlango husalimiwa, ndivyo alivyolelewa. Hata ikiwa imezimwa, akipita kwenda chumbani kwake aliiambia, "Hamjambo humo," akaendelea na safari.

Tuseme haki: kompyuta yenyewe haikuwa mbaya. Iliwaka upesi, betri ilimaliza asubuhi nzima, na feni yake ililalamika tu pale shemeji alipofungua madirisha ishirini kwa pamoja. Kamera ilikuwa dhaifu. Ilimwonyesha kila mtu kama kakaa jikoni kwenye moshi. Herufi A ilianza kufutika mwezi wa tatu, na kwa lugha yetu hii isiyotamka hata salamu bila A, nani wa kuilaumu? Tatizo lilikuwa kioo. Ukikitazama moja kwa moja, zambarau inakuwa kijivu, na mtu anayetafuta kimelea kidogo chenye umbo la pete hawezi kufanya kazi na kijivu. Mama Hadubini alihangaika wiki nzima mpaka akagundua dawa: kiberiti chini ya ukingo wa nyuma, kioo kilazwe kidogo kuliko kawaida, taa iwe kulia. Hapo zambarau inarudi. Kesho yake akakuta kiberiti hakipo. Shemeji alikuwa amekichukua kuwashia jiko.

"Shemeji, kile kiberiti nilikiweka makusudi."

"Chini ya kompyuta? Mimi nilidhani kimeteleza."

Mama Hadubini alitoka kazini saa tisa, akala, akaosha uso, na kila siku akakuta foleni. "Dakika tano tu, shemeji," na dakika tano za shemeji hazijawahi kuisha tangu zianze. Zikiisha za shemeji, ni saa kumi, ni saa ya mama mkwe. Nani wa kumnyanyua mama mkwe kwenye kiti? Mama Hadubini akasubiri. Akaomba kwa upole. Akatania. Siku moja akataka kuhifadhi picha za mazoezi, kompyuta ikamwambia nafasi imejaa. Akatazama imejaa nini: filamu. Akamwomba shemeji apunguze, shemeji akapunguza mbili na kushusha nne. Wahenga walikwisha sema, ukimchekea nyani utavuna mabua, na Mama Hadubini alikuwa amecheka miezi mitatu.

Ikafika Jumamosi ya mtihani wa kwanza. Saa tatu asubuhi akawaketisha wote mezani.

"Kuanzia saa nne mpaka saa sita, sebule hii si yenu. Mtu asiingie, asiongee, asikohoe. Ile kamera inasikia. Ikisikia mtu wa pili, mimi nimekwisha."

"Hiyo ndogo," akasema mumewe.

"Shemeji, tutakuwa kama hatupo duniani," akasema shemeji.

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kumrudishia jirani sufuria.

Alianza vizuri. Taa kulia, kiberiti mahali pake. Picha ya kwanza, ya kumi, ya thelathini. Ilikuwa kazi yake ya kila siku, na vidole vilimwenda vyenyewe. Alifika picha ya arobaini na moja na hakuwa amesita hata mara moja. Ndipo mama mkwe aliporudi kutoka kwa jirani.

Msimlaumu upesi. Yeye aliambiwa asipige kelele, na tangu lini salamu ikawa kelele? Akafungua mlango, akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Hodi humu ndani!"

Na mdomo wa Mama Hadubini ukajibu kabla akili haijafika. "Karibu mama. Shikamoo." Miaka kumi na minane ya ukwe ilikuwa imeufundisha ule mdomo, haukungoja ruhusa ya mtu.

"Marahaba mwanangu," akasema mama mkwe, akasogea mezani. Akaona taa ya kijani inawaka juu ya kioo. Kwake taa ile ilikuwa na maana moja tu, kwamba kuna mtu mlangoni. Akainama, akaleta uso wake mbele ya kamera, akapaza sauti ya kumfikia aliye mbali: "Hamjambo huko! Habari za kazi? Mnamwonaje mkwe wangu, anajitahidi?"

Picha ikafutika. Yakaja maandishi meupe: *Mtu wa pili ameonekana. Mtihani umesitishwa. Nafasi iliyobaki: moja.*

"Wamekata," akasema mama mkwe. "Mtandao wao mbaya."

Mama Hadubini aliinuka, akatoka uani, akatia mashuka kwenye maji, mashuka masafi yaliyokuwa yamekunjwa kabatini, akayafua kwa nguvu mpaka ngozi ya vidole ikamchubuka. Ungemkuta pale, ungesema anamfua mtu.

Moto uliwaka mumewe aliporudi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilitoka mara moja tu, kumtazamia mtu jokofu. Kwani imekuwaje?" Akaelezwa imekuwaje. Akajikuna kidevu. "Sasa mke wangu, ulitaka mama asisalimie? Kwenye nyumba ya mwanawe?"

"Nilitaka huyo mwanawe akae mlangoni! Saa mbili tu! Na wewe?" Akamgeukia shemeji, aliyekuwa anatoka chumbani anapiga miayo.

"Mimi nililala, shemeji. Si ulisema tuwe kama hatupo?"

"Mke wangu, hasira hasara."

"Hasara nimekwisha ipata! Hasira niachieni, ndicho kitu pekee changu humu ndani ambacho hamjakikalia!"

Akaketi mbele ya kompyuta, mikono bado ina povu la sabuni, akafungua ghala la filamu la shemeji. Filamu mia mbili na kumi na nne. Akazichagua zote kwa pamoja.

"Shemeji! Shemeji, subiri! Ile ya mwisho sijaimaliza!"

"Mwisho wanakufa wote," akasema Mama Hadubini, akafuta.

Kisha akaweka neno la siri, akaizima, akaipeleka chumbani, akaifungia kabatini na ufunguo akautia kifuani. Mumewe akamfuata hadi mlangoni. "Umefungia kompyuta ya nyumba?"

"Ya nani?"

Mume akaanza kujikuna kidevu.

"Nimekuuliza. Kompyuta ya nani?"

Hakuna aliyejibu. Na Mama Hadubini alijua kwa nini: jibu walikuwa nalo wote, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitoa mdomoni.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote. Akatoka chumbani kwake, akasimama katikati ya sebule. "Kumbe salamu yangu imekuwa kosa," akasema. "Basi. Humu ndani sitamsalimu mtu tena."

Na alitimiza, jamani. Alitimiza! Kila asubuhi Mama Hadubini alisema, "Shikamoo mama," akajibiwa na kikombe kikiwekwa mezani. Shikamoo isiyoitikiwa ni mzigo. Unaitoa, halafu inakurudia, huna pa kuiweka. Siku ya kwanza iliuma. Wiki ya pili ikaanza kumchoma kwa namna nyingine. Yeye ndiye aliyekatiwa mtihani, na yeye ndiye amekuwa mkosaji! Mumewe alitembea kwa ncha za vidole kati ya wanawake wawili, akawahi kutoka, akachelewa kurudi. Saa kumi ya alasiri ikawa inapita tupu. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake kile kile mbele ya meza isiyo na kitu, mikono mapajani, mpaka saa kumi na moja, kisha akainuka. Ana kisimu chake kidogo, lakini spika yake ilikwisha kufa, husikii ila mkwaruzo, na kuomba simu ya mwanawe kungekuwa sawa na kukiri kwamba kompyuta imemkosesha raha. Hakuomba.

Huko zahanati nako mkuu alikuwa amesikia habari za mtihani. "Mama yangu, tuanze kuzoea," akasema. Akaletwa bwana mwenye cheti, shati limenyooka, akapewa kigoda. Mama Hadubini akapewa glavu na beseni, katika chumba kile kile, hatua tatu kutoka pale alipokaa miaka kumi na tisa. Ilikuwa bado miezi miwili waraka uanze kazi. Msumeno wa mkuu ulikuwa na haraka.

Wiki ya nne mama mkwe akashikwa na homa. Mwanawe akampeleka zahanati, akatolewa damu kidoleni, bwana mwenye cheti akatazama, akaandika: safi, hana malaria. Akapewa vidonge vya kutuliza, akarudishwa nyumbani. Usiku meno yakagongana. Keshokutwa yake akapelekwa tena, na safari hii mwanawe alikuwa na kazi mjini, akamwacha kwenye benchi la korido, mkabala na mlango wa chumba cha vipimo. Mlango ulikuwa wazi.

Kwa hiyo mama mkwe aliona. Alimwona mke wa mwanawe amekunja mikono ya gauni, ameinamia beseni, anasugua vioo kimoja kimoja na kuvisimamisha vikauke. Aliona bwana mwenye cheti anaweka kioo kipya kwenye hadubini, anazungusha, anajikuna, anazungusha tena. Akamsikia mkuu wa zahanati akitia kichwa mlangoni na kusema kwa sauti ya chini, "Mama Hadubini, hebu njoo utupie jicho."

Mama Hadubini akavua glavu. Akakausha mikono. Hakuketi, kwa sababu kigoda kilikuwa na mwenyewe; aliinama akiwa amesimama, mkono nyuma ya mgongo, akatazama kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. "Wapo," akasema. "Wamejaa tele. Na cha juzi kiko wapi?" Akapewa kioo cha juzi. "Hata juzi walikuwapo. Huyu mgonjwa ni nani?"

Bwana mwenye cheti akasoma jina. Mama Hadubini akainua kichwa, akatazama koridoni, wakaonana na mama mkwe wake uso kwa uso.

Alitamani kuipindua ile meza. Damu ya bibi wa watoto wake imesomwa na mtu asiyeona, na yeye yuko hatua tatu, anaosha! Aligeuka akasema mbele ya mkuu, bila kupunguza sauti, "Siku mbili amekaa na homa ile! Mzee kama yule! Kama angekufa mngeandika nini hapo? Safi?" Mkuu akatazama sakafu. Bwana mwenye cheti akaandika jibu jipya, akatia sahihi yake mwenyewe, na Mama Hadubini akavaa glavu, akarudi kwenye beseni.

Jioni walirudi nyumbani kwa miguu, mama mkwe mbele hatua mbili, dawa mkononi. Njia nzima hakusema kitu. "Pole na homa, mama," akasema Mama Hadubini walipofika mlangoni. Mama mkwe akaingia ndani. Hata asante! Mama Hadubini akasonya, msonyo mrefu ambao hajawahi kuutoa karibu na mkwe, akafurahi moyoni kwamba ameutoa.

Mtihani wa pili, wa mwisho, ulikuwa Jumamosi ya wiki ya sita. Mara hii hakuketisha mtu mezani. Kwa mumewe alisema, "Nenda kazini, usirudi kabla ya saa saba." Kwa shemeji alisema, "Nenda popote." Kwa mama mkwe hakusema chochote, mtu asiyeongea atamharibia nini? Akaingia chumba cha kulala, akatia komeo, akazima simu, akaweka kiberiti chini ya kompyuta na taa upande wa kulia. Akajiapiza: hata nyumba ikiungua, ataungua kimya.

Picha ya kwanza. Ya ishirini. Ya arobaini na moja ilipopita, akashusha pumzi kupitia puani.

Ilikuwa ya arobaini na saba aliposikia mlango wa mbele. "Hodi!"

Sauti ile aliijua. Alikuwa ameisikia kila saa kumi ya alasiri kwa miezi mitatu, ikitoka kiooni. Lakini sasa ilikuwa mlangoni, nzima, na miguu yake. Dada wa mama mkwe! Alikuwa amekaa wiki sita bila kumwona mdogo wake, bila salamu, bila habari, na mwishowe amepanda basi kuja kuona kama yu hai.

Mama Hadubini akangoja "karibu." Haikuja.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Na mama mkwe yumo ndani, hajatoka, alimsikia akikohoa kabla mtihani haujaanza! Hasira zikampanda mpaka masikioni. Kumbe amenuna mpaka kwa dada yake wa tumbo moja? Ana roho gani mwanamke huyu? Ulimi wake ulimwinuka mdomoni wenyewe, ule ule uliomponza, akaung'ata. Akatazama picha. Kijivu. Kichwa kilikuwa kimesogea. Akakirudisha, zambarau ikaja.

"Hodi jamani!" Mlango ukasukumwa, nyayo zikaingia sebuleni. "Mbona kimya? Mdogo wangu! Nilijua! Nilijua mimi, ameku—"

Sauti ikakatika kama redio iliyochomolewa. Kiooni yakatokea maandishi ya njano: *Sauti ya mtu wa pili imesikika. Onyo la kwanza na la mwisho.*

Akakaa bila kupumua. Sekunde kumi. Ishirini. Hakukuja sauti nyingine. Hakuelewa, na hakuwa na nafasi ya kuelewa. Akabonyeza jibu la arobaini na saba, akaenda arobaini na nane, na kutoka hapo akafanya kazi kwa hasira tupu: hasira kwa muuza duka, kwa mkuu na msumeno wake, kwa shati lililonyooka, kwa mume anayetazama majokofu ya watu na la kwake linavuja. Hamsini. Hamsini na tano. Sitini.

Akabonyeza kumaliza. Duara likazunguka, likazunguka. *Umefaulu. Hamsini na nane kati ya sitini.*

Hakupiga kelele. Aliifunga kompyuta, akaikumbatia kifuani, akafungua komeo.

Mlango haukufunguka wote, uligonga kitu. Kilikuwa kigoda cha jikoni, na juu yake, mgongo ukiegemea mlango, alikuwa ameketi mama mkwe. Alikuwa amekaa pale tangu saa nne. Chini kwenye mkeka alikuwa dada yake, viatu vya safari bado miguuni, kilemba kimekaa upande, macho yamemtoka kwa ghadhabu. Mama mkwe alikuwa amemshika kifundo cha mkono kwa mkono mmoja. Kiganja cha pili kilikuwa kimeuziba mdomo wa dada yake, dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni akiwa mtoto.

"Shikamoo mama," akasema Mama Hadubini.

Mama mkwe hakuitika. Alinyoosha kidevu kuelekea kompyuta, akanong'ona, "Imezimwa?"

"Imezimwa, mama."

"Taa ya kijani?"

"Haiwaki."

Akauondoa mkono. "Marahaba, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kukwaruza ya mtu ambaye hajasalimiana na binadamu kwa wiki sita.

Dada mtu akalipuka. "Hodi tatu! Hodi tatu nimepiga! Nimeamka alfajiri, nimekaa kwenye basi nikidhani nakuja kuzika, halafu mtu ananirukia kama mwizi, ananiziba mdomo! Hata karibu? Mdogo wangu mimi, hata karibu? Nani amekunyang'anya adabu?"

"Ulitaka niitike?" Mama mkwe akasimama, magoti yakalia. "Ulitaka niitike, mtoto wangu arudi kuosha vioo? Nimemwona kwa macho yangu! Anaona peke yake pale, wote waliobaki vipofu, na yeye ndiye aliyepewa beseni! Ungepiga hodi mia, nisingeitika. Kanishtaki kwa ukoo mzima!"

Wakati huo huo mlango wa mbele ukafunguka, akaingia shemeji, jasho la uwanjani shingoni. Hakuona kilemba kilichokaa upande wala machozi yaliyomlenga mke wa kaka yake. Aliona kitu kimoja tu, cha kijivu, kifuani kwa Mama Hadubini.

"Shemeji, umeshamaliza? Basi sasa kompyuta ya nyumba iko wazi?"

Mama Hadubini alifungua mdomo. Mama mkwe akamwahi, akamgeukia mwanawe wa mwisho, mikono kiunoni.

"Ya nani?"